Jinsi ya Kuendesha Kampuni Ndogo ya Kusambaza Filamu Zanzibar Bila Kuitia Rehani

Anayetaka kufungua kampuni ya kusambaza filamu Unguja au Pemba hana budi kuijua kwanza bidhaa anayoiuza, kwa sababu wengi huingia katika biashara hii wakidhani kwamba wanauza diski, flashi au faili. Msambazaji huuza ruhusa: ruhusa ya kuionyesha filamu ya mtu mwingine, mahali fulani, kwa muda fulani na kwa njia fulani. Ruhusa hiyo haiwekwi kabatini, na siku mkataba unapokwisha hurudi kwa mwenyewe hata kama diski bado zimejaa dukani. Zipo kampuni mashuhuri za kazi hii ambazo zilikuwa na watazamaji wa kutosha hadi siku ya mwisho, lakini zikaanguka kwa sababu ruhusa hizo ziliuzwa mapema mno, au ziliwekwa rehani kwa deni lisilohusu filamu zenyewe. Mwongozo huu unaifuata hatari hiyo tangu mkataba wa kwanza hadi siku ya kufunga ofisi, ikibidi kufunga.

Soma kwanza hesabu za waliotangulia

Mfano ninaoupendekeza kwa kila anayeanza ni wa New Yorker Films ya Marekani. Mwanzilishi wake, Dan Talbot, alikuwa na jumba la sinema mjini New York, na mwaka 1965, baada ya mwenye filamu moja aliyoitaka kukataa kuikodisha kwa jumba moja tu, aliamua kuingia mwenyewe katika usambazaji. Kwa zaidi ya miaka 40 kampuni hiyo iliwafikishia Wamarekani kazi za waongozaji kama Godard, Fassbinder, Herzog na Ousmane Sembène wa Senegal, filamu ambazo kampuni kubwa hazikuwa na haja nazo. Fedha hazikutoka kwenye majumba ya sinema peke yake. Nakala za utepe wa filamu wa milimita 16 zilikodishwa kwa vyuo vikuu na vilabu vya filamu mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo filamu ambayo magazeti yalikwisha kuisahau iliendelea kuleta kodi kidogo kidogo, na kodi hizo ndogo zikijumlishwa ndizo zilizolipa mishahara.

Baadaye Talbot aliiuza kampuni kwa Madstone Films, na mmiliki huyo mpya akaifanya hazina ya filamu za New Yorker kuwa dhamana ya mkopo wake mwenyewe. Mkopo haukulipwa, mkopeshaji akaishika dhamana, na Februari 2009 New Yorker Films ikafunga milango. Jina lilifufuliwa mwaka uliofuata chini ya wamiliki wengine, lakini anayeusoma mkasa huo aangalie upande wa watayarishaji: mtu wa Dakar au Paris aliyesaini mkataba na Talbot alijikuta filamu yake imo katika mali inayonadiwa kwa deni la kampuni ambayo hakuwahi kukaa nayo meza moja.

Orion Pictures, kampuni nyingine ya filamu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1978 na wakuu waliotoka United Artists, ilianguka kwa mlango mwingine. Ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 1991, ikaipata tena mwaka 1992, na mara hii ya pili ilikuwa tayari chini ya ulinzi wa mahakama kwa kufilisika tangu Desemba 1991. Watu hushangaa inawezekanaje kampuni yenye tuzo kubwa kuliko zote ikose fedha. Jibu limo katika desturi yake ya kuuza mapema haki za nchi za nje na za video ili ipate fedha za kutengenezea filamu. Filamu hizo zilipofaulu, sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wengine.

Karibu zaidi na sisi upo mfano wa CIDC, ushirika wa usambazaji wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, uliokuwa na makao Ouagadougou. Ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuvunja nguvu za kampuni za kigeni zilizokuwa zimeshika soko zima la eneo hilo, na haukufika mwisho wa muongo. Nchi wanachama zilichelewa au zilishindwa kulipa michango na madeni yake. Nia njema hailipi ankara.

Kagua haki kabla hujaipenda filamu

Mtayarishaji anapokuletea filamu, usianze kuitazama. Omba kwanza karatasi zake: mkataba na mwandishi wa muswada, hati za waigizaji wakuu kukubali kuonekana, na ruhusa ya muziki. Ikiwa hadithi imetolewa katika riwaya, iwepo ruhusa ya mwandishi au warithi wake. Karatasi moja ikikosekana, wewe ndiye utakayeshtakiwa kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeitoa filamu hadharani na ndiye mwenye ofisi inayojulikana ilipo.

Katika filamu za hapa kwetu, pengo huwa katika muziki. Mtengenezaji humaliza tamthilia yake ya mapenzi, kisha chini ya harusi na chini ya msiba hutia taarabu anayoipenda, akiamini kwamba wimbo ambao kila nyumba ya Mji Mkongwe inaujua hauna mwenyewe. Wimbo una mtunzi wa maneno, una aliyetia muziki, una kikundi kilichourekodi, na mara nyingi una redio au studio iliyohifadhi rekodi. Wote hao wanaweza kuwa na haki tofauti juu ya dakika mbili zilezile. Ushauri wangu ni kumtaka mtayarishaji akarekodi muziki mpya na wapigaji walio hai na walio tayari kusaini, kwani gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya kumtafuta kila mrithi, na hakuna atakayejitokeza baadaye kudai filamu isitishwe.

Jambo la pili ni sheria yenyewe. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Visiwani, na Tanzania Bara ina yake ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko. Mtayarishaji wa Dar es Salaam anayekuonyesha karatasi ya COSOTA amefanya vizuri, lakini hilo lisikuzuie kwenda COSOZA kuuliza kazi hiyo inahitaji nini ili ulindwe hapa Visiwani. Hali kadhalika, filamu ya Unguja ikivuka kwenda Bara iende na karatasi za huko.

Ukiridhika, ndipo uandike mkataba. Mkataba wa usambazaji una maswali manne ya msingi: haki zipi, wapi, kwa muda gani, na kwa mgawo upi. Zipo siku ambapo watengenezaji wengi wa filamu za Kiswahili waliuza masta, yaani nakala ya asili ya filamu, pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja, kwa msambazaji wa Kariakoo au wa kwingineko, na hawakupata senti baada ya hapo filamu ilipopanda kwenye runinga na baadaye intaneti. Usifanye hivyo hata kama mtayarishaji mwenyewe anakuomba kwa shida aliyo nayo. Kifungu cha kwanza kinaweza kusomeka hivi:

"Mtayarishaji anampa Msambazaji haki ya pekee ya kuionyesha Filamu hadharani katika visiwa vya Unguja na Pemba kwa muda wa miaka mitatu kuanzia tarehe ya kusaini. Haki zote ambazo hazikutajwa katika Mkataba huu zinabaki kwa Mtayarishaji. Msambazaji hataziuza, hatazihamisha wala hataziweka rehani haki hizi bila ya idhini ya maandishi ya Mtayarishaji. Na iwapo Msambazaji atafilisika au atafunga biashara, haki zitarejea kwa Mtayarishaji siku hiyohiyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo wanasheria wa mabenki hawaipendi. Iache ibaki. Benki ikikataa kukukopesha kwa sababu yake, jua kwamba ilikuwa inataka kukukopesha kwa mali ya watu.

Usajili na vibali

Kampuni husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, yaani BPRA. Kwa kodi utapita Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, na ofisi za TRA zilizopo hapa, kila moja kwa kodi zake. Mwulize mhasibu kabla ya kuchapisha tiketi, si baada ya kuziuza. Filamu yenyewe hupelekwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU, kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Usitangaze tarehe redioni wakati filamu ingali mezani kwao, kwa kuwa Baraza likitaka kitu kipunguzwe, utakuwa na hadhira mlangoni na filamu isiyoruhusiwa mkononi.

Mlangoni na daftarini

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu ugomvi wa msambazaji na mtayarishaji huzaliwa katika mpangilio wa hesabu kuliko katika wizi.

Tuseme filamu imeonyeshwa usiku mbili, tiketi ni shilingi 5,000, na watu waliolipa ni 400. Mapato ni shilingi 2,000,000. Ukumbi unachukua 600,000, zinabaki 1,400,000. Matangazo ya redio, mabango, kodi ya projekta na nauli ya boti ya kupeleka vifaa Pemba vimegharimu 500,000. Mkataba unasema ujira wa msambazaji ni asilimia 30. Asilimia 30 ya nini?

Ukiutoa ujira wako kabla ya gharama, utachukua 420,000, kisha utajirudishia 500,000 ulizotumia, na mtayarishaji atapata 480,000. Ukianza kwa kutoa gharama, zitabaki 900,000. Ujira wako utakuwa 270,000 na mtayarishaji atapata 630,000. Filamu ni ileile na watazamaji ni walewale, lakini shilingi 150,000 zimehama mfuko kwa sababu ya mpangilio wa mistari miwili. Sasa ongeza kwamba ulimpa malipo ya awali ya 500,000, yanayokatwa katika mgawo wake. Katika hesabu ya kwanza hapati kitu na bado zinakosekana 20,000 ili malipo hayo ya awali yajae; katika hesabu ya pili anapokea 130,000 taslimu. Hesabu zote mbili ni halali, na wasambazaji wengi wa nchi za nje hutumia ile ya kwanza. Kinachotakiwa ni kwamba mfano wa aina hii uandikwe kwa tarakimu ndani ya mkataba, ili mtayarishaji aone kabla ya kusaini kile atakachokiona baada ya onyesho.

Gharama ziwekewe kikomo. Mtayarishaji akubali, kwa mfano, kwamba hutatumia zaidi ya kiasi fulani katika kutangaza bila ya kumwuliza. Vinginevyo kila bango jipya ni chakula chake unachokula.

Tiketi ziwe na namba zinazofuatana na ziwe na kishina. Anayeuza asiwe ndiye anayechana mlangoni. Baada ya onyesho, kabla ya taa kuzimwa, vishina vihesabiwe mbele ya mwenye ukumbi na mwakilishi wa mtayarishaji, na wote watatu watie saini karatasi moja yenye namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho. Wageni wa bure waandikwe pia. Watu wa kwetu huona haya kuhesabiana fedha hadharani, lakini haya ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kutosalimiana barazani mwaka mzima.

Fungua akaunti mbili benki. Moja ni ya kampuni, ya pili ni ya fedha za watayarishaji, na hii ya pili isiguswe kwa mshahara wala kwa kodi ya ofisi. Kampuni changa huanza kufa siku inapolipia matangazo ya filamu mpya kwa mgawo wa filamu iliyopita, ikitarajia kuurudisha. Filamu mpya ikilala, huna cha kumwambia yule wa kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, ikiwa una filamu tatu za mtayarishaji mmoja, eleza wazi katika mkataba kama hasara ya moja itafidiwa kwa faida ya nyingine au la. Mimi nashauri kila filamu isimame kwa miguu yake.

Kuipeleka filamu kwa watu

Majumba ya zamani ya mjini, Majestic ya Vuga, Empire ya Darajani na Cine Afrique ya Malindi, hayana tena maonyesho ya kila siku. Katika enzi zake filamu moja ya Kihindi iliweza kuonyeshwa majumba mawili jioni moja, kijana wa baiskeli akizikimbiza riili kutoka jumba hili hadi lile kadiri zilivyomalizika. Msambazaji wa leo hana majumba hayo, kwa hiyo lazima abebe ukumbi wake: projekta yenye mwanga wa kutosha, skrini ya kukunja, spika, jenereta, na kibali cha uwanja au cha skuli atakayoitumia.

Kalenda ya Visiwani haisamehi. Usitoe filamu ndani ya Ramadhani. Usiku huo watu wana futari na tarawehe, na anayeweka skrini kubwa uwanjani atapata lawama kuliko tiketi. Andaa kila kitu ndani ya mwezi huo ili utoke Sikukuu Mosi na uendelee siku zote za Iddi, wakati ambapo watoto wana fedha za sikukuu na familia nzima iko nje. Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998 na ambalo watu wengi wanalijua kwa maonyesho yake ya Ngome Kongwe, ni mahali pa kukutana na watengenezaji na wanunuzi wa nje, ila usilihesabu kuwa soko lako. Hadhira ya tamasha imekuja kwa tamasha. Hadhira yako wewe iko Makunduchi, Mkokotoni, Konde na Mkoani, na haijui ratiba ya Ngome Kongwe.

Maonyesho ya wanawake peke yao yalikuwa desturi katika sinema za Zanzibar za zamani, na nadhani ni kosa la kibiashara kuyaacha. Alasiri moja kwa ajili ya wanawake na watoto, wafanyakazi wa mlangoni wakiwa wanawake na ukumbi ukiwa umefungwa vizuri, inaweza kuleta watu ambao usiku hawatoki.

Wenye vibanda vya video na vijana wanaotia filamu kwenye flashi wengi huwaita wezi, na mbele ya sheria ndivyo ilivyo pale wanapofanya bila ruhusa. Lakini wao wanajua nani katika mtaa anapenda nini, na wanafungua kila siku. Nenda kwao na karatasi kabla hujaenda na polisi. Mwenye kibanda aweza kupewa leseni ya wiki moja kwa ada ndogo ya papo kwa papo, na bango la kubandika mlangoni linaloonyesha kwamba anaonyesha kwa ruhusa. Kijana wa flashi aweza kupewa filamu baada ya miezi kadhaa, maonyesho ya kulipia yakiwa yamekwisha, kwa mgawo wa kila nakala. Si wote watakaokubali na wengine watakudanganya katika idadi. Hata hivyo, fungu dogo linaloingia kila wiki kutoka vibanda kumi ni mfano mdogo wa zile kodi za milimita 16 zilizoiweka New Yorker Films hai kwa miongo minne.

Runinga na mitandao ya kulipia ije mwisho, au kwa mkataba wa pembeni wenye muda wa kusubiri ulioandikwa. Filamu ikishaonyeshwa bure kwenye runinga, hakuna atakayepanda daladala kuja kuilipia skuli ya Konde. Na masta ihifadhiwe katika diski mbili, katika nyumba mbili tofauti, mbali na unyevu na hewa ya chumvi.

Mkopo, mnunuzi na kufunga

Kampuni ikianza kujulikana, watakuja watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mkopeshaji. Mkopo wa projekta uwe na dhamana ya projekta, mkopo wa gari uwe na dhamana ya gari. Orodha ya filamu isiingie katika hati yoyote ya mkopo, hata kwa maneno ya jumla kama "mali zote za kampuni", kwa maana maneno hayo manne huzichukua na haki zote zilizomo.

Wa pili ni mnunuzi wa kampuni nzima. Kuuza si dhambi, na baada ya miaka mingi ya kupanda boti na jenereta pengine utachoka. Kabla ya kusaini, mwandikie kila mtayarishaji na umpe nafasi ya kuitoa filamu yake. Muulize mnunuzi ana madeni gani na yamewekewa dhamana gani, na usitosheke na jibu la mdomo. Omba hesabu zilizokaguliwa.

Ikiwa biashara imeshindikana, funga mapema wakati akaunti ya watayarishaji ingali kamili. Lipa migawo yote hadi tarehe ya kufunga, na kila mtayarishaji apewe taarifa ya hesabu yenye vishina vyake. Rudisha masta kwa mkono na uchukue saini ya kuipokea, ufute nakala zilizobaki kwenye kompyuta, uwaandikie wenye vibanda kwamba leseni zao zinakoma lini, kisha upeleke taarifa BPRA na kwa mamlaka za kodi ili usiendelee kudaiwa kwa jina la kampuni isiyofanya kazi. Nakala za mikataba na hesabu zitunzwe kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kwa sababu filamu huishi kuliko kampuni, na iko siku mtu wa runinga atakuja kuuliza haki ziko kwa nani.